Tairi Lililomshinda Fundi Mageti

Jumatano, tarehe tisa Oktoba. Manyunyu yalianza alfajiri, yakaendelea mpaka chai ikapoa. Fundi Mageti alikuwa amejifungia stoo, redio ikivuma. Hakuwa akiisikiliza. Alitaka tu watu wasisikie nyundo.

Kazi yake ni kuchomelea mageti, na amezoea chuma kumtii. Lakini tairi lililotoboka la baiskeli ya mlimani ya mkewe lilikuwa limeng'ang'ania ringi kama kupe. Alilichokonoa kwa bisibisi, akaligongea patasi. Halikutoka. Tyubu ilichanika na ukingo wa ringi ukapinda.

Mkewe ni muuguzi. Huitumia baiskeli hiyo kuwatembelea wanawake waliojifungua. Juzi fundi alimwambia kwamba tairi limezibwa, linasubiri gundi ikauke. Mke akaamini, akaenda kazini kwa miguu. Jana alirudi na malengelenge, na bado akamshukuru mumewe kwa kuhangaika. Shukrani hiyo ilimchoma fundi kuliko cheche. Aliposali, alishindwa kulitaja tairi hata mbele ya Mungu, anayeiona stoo kama anavyoiona sebule.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama mkwe wake. Kabla ya kustaafu alikuwa tarishi, akisambaza barua za ofisi kwa baiskeli. Fundi hakuwahi kumuuliza lolote. Aliona haya kufundishwa na mama mkwe.

Mama akazima redio. Akaitazama ringi iliyopinda.

"Mkwe wangu, hili ni tairi, si geti. Linataka nafasi, halitaki nguvu."

Fundi akainamisha macho. "Nimeharibu, mama. Na nimemdanganya binti yako."

"Hilo la pili utamwambia mwenyewe. Kwa hili la kwanza, lete maji ya sabuni."

Akamwonyesha polepole. Kwanza, fungua valvu na utoe upepo wowote uliobaki. Lilaze gurudumu, ukanyage tairi kando kando mpaka liachie, lakini usikanyage ringi wala spoki. Pakaa maji ya sabuni ukingoni. Kisha zunguka na vidole, ukiusukuma ukingo wa tairi kwenye mtaro ulio katikati ya ringi. Mtaro huo una kina, kwa hiyo tairi hulegea. Anza kuliinua karibu na valvu, kwa vijiti vya plastiki. Bisibisi hutoboa tyubu na kuumiza ringi.

Tairi likatoka kama soksi. Fundi akacheka kidogo, kwa aibu.

Wakaenda kwa fundi baiskeli kupata gurudumu zima na tyubu mpya. Tairi alilivalisha Fundi Mageti mwenyewe, kwa mikono mitupu. Kufikia jioni baiskeli ilisimama ukumbini kana kwamba haijawahi kuguswa. Fundi aliona wazi kwamba angeweza kunyamaza, na mama mkwe asingesema neno.

Mkewe akaingia akichechemea, ameshikwa mkono na muuguzi mwenzake. Alipoiona baiskeli, uso ukamng'aa.

"Hapakuwa na gundi," fundi alisema, na akaeleza yote, nyundo, patasi, hata redio.

Mke aliketi, akavua viatu. "Kumbe ni miguu yangu iliyokuwa ikisubiri gundi ikauke."

Muuguzi mwenzake akatazama dirishani. Fundi akasimama mbele ya wanawake hao watatu, masikio yakimwaka moto.

"Mama yupo hapa, na mwenzako yupo, na Mungu ananisikia. Nisichokijua nitauliza kabla ya kushika nyundo. Na nikiharibu, nitakwambia siku hiyohiyo."