Waya wa Macho na Waya wa Mikono

Kila siku masomo yakiisha, Chiriku hakwenda nyumbani. Alikata kona kwenye duka la vioo, akapanda ngazi za jengo la redio na kubisha hodi kwenye chumba cha mitambo, ambako mama yake alikuwa fundi. Humo alifanyia kazi zake za shule mpaka mama atoke kazini. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari tu. Watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

Meneja wa redio alikuwa amemkubali kwa shingo upande. "Mama Chiriku, mtoto akae," alisema siku ya kwanza, "lakini asiguse kitu, na kinywaji kisivuke mlango huu. Siku akituharibia kazi, atatafuta pengine pa kukusubiri." Hapo pengine palikuwa nyumbani, peke yake, mlango umefungwa, bila hata mtu mmoja wa kuongea naye. Kwa mtoto kama Chiriku, hiyo ilikuwa adhabu tosha.

Chumba chenyewe kilikuwa na kompyuta tatu, lakini mgeni angedhani ni moja. Mezani palikuwa na skrini moja, kibodi moja na kipanya kimoja. Kompyuta zilifungiwa ndani ya kabati la chuma kwa sababu ya vumbi na wadokozi, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa meneja. Kilichoziunganisha na meza ni kisanduku cheusi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, chenye vitufe vitatu. Ukibonyeza namba moja, unafanya kazi na kompyuta inayorusha matangazo hewani. Namba mbili ni ya kuandikia habari. Namba tatu ni ya kurekodia vipindi.

"Sasa mbona kila kompyuta ina nyaya mbili?" Chiriku aliwahi kuuliza. Hakuna kitu ambacho hakuwahi kukiuliza.

"Huu mnene ni waya wa macho," mama alimweleza. "Unaleta picha kwenye skrini. Huu mwembamba ni waya wa mikono. Unapeleka kule ndani kila unachobonyeza kwenye kibodi na kila unaposogeza kipanya. Macho na mikono lazima viende kwenye kompyuta moja. La sivyo, utakuwa unaangalia sufuria hii huku unakoroga ile."

Chiriku alicheka siku hiyo. Hakujua kwamba maneno hayo yangekuja kumnyima raha.

Siku yenyewe ilianza na joto. Bomba la maji machafu lilikuwa limepasuka na uchafu wake kuingia kwenye maji ya kunywa, na idara ya maji iliomba redio iwatangazie watu mitaa ambayo haikupaswa kutumia maji ya bomba. Mtangazaji, mzee mcheshi ambaye Chiriku alimwita mjomba, aliandika taarifa hiyo kwenye kompyuta ya habari. Alipomaliza alitoka kunyoosha miguu. Mama naye alipanda juu ya paa kuangalia mlingoti, ambao tangu asubuhi ulikuwa unakwaruza sauti.

Chiriku alibaki peke yake na kiu. Ndani ya begi alikuwa na chupa ya juisi aliyobakiza shuleni. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akafungua chupa. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Kilipoachia, juisi ilimruka vidoleni na kumwagika juu ya kile kisanduku cheusi.

Bila kufikiri, alichomoa nyaya zote kutoka nyuma ya kisanduku, akakipangusa kwa sweta lake la shule, akapuliza kila tundu. Kwenye spika ya ukutani muziki uliendelea kama kawaida, maana kompyuta kule kabatini haikujali kama kuna mtu anayeitazama au la. Kisha akaanza kurudisha nyaya. Zile nene hazikumpa shida, zilikuwa na namba zilizochapwa. Nyembamba zilikuwa na namba za karatasi, na karatasi zilikuwa zimelowa na kubanduka. Alizichomeka kwa kubahatisha.

Akabonyeza moja: ikaja picha ya matangazo. Mbili: picha ya habari. Tatu: ya kurekodia. Kila kitu mahali pake! Akashusha pumzi, akaficha sweta ndani ya begi na kufungua kitabu cha hisabati. Kipanya hakukigusa.

Mama alirudi akikung'uta vumbi mikononi. "Mjomba wako amemaliza taarifa? Ngoja nimchapie, saa kumi imekaribia." Alivaa miwani, akabonyeza namba mbili, akasogeza kipanya. Mshale kwenye skrini haukusogea. Akasogeza tena. Akagongagonga herufi. Wapi!

"Imeganda hii," alisema. "Ngoja niizime niiwashe upya." Akapeleka kidole kwenye kona ya juu ya kibodi, kwenye kitufe cha kuzimia, akabonyeza.

Picha ya habari haikutikisika hata kidogo. Lakini ukutani, katikati ya wimbo, redio ikanyamaza.

Ukimya wa redio si kama ukimya mwingine. Ulisikika jengo zima. Milango ilifunguka, viatu vikalia kwenye ukumbi, na meneja akaingia akiwa na ufunguo mkononi. "Tumekatika! Nani amezima?"

"Nimezima ya habari, bosi, siyo ya matangazo," mama alijibu, huku amekodolea skrini kama mtu anayesoma barua asiyoielewa.

Meneja alifungua kabati. Kompyuta zote tatu zilifanana kama mapacha, lakini moja ilikuwa imezimika taa. Akaiwasha. Baada ya muda uliomtosha kila mtu kutokwa na jasho, muziki ukarudi. Meneja akafunga kabati na kumgeukia mama.

"Umezima ya matangazo."

"Nilibonyeza mbili. Nina hakika." Mama alikitazama tena kisanduku. "Nilikuwa na hakika."

"Mama Chiriku, mwezi uliopita ulinieleza kwamba macho yanakusumbua." Meneja hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nakuheshimu. Lakini watu wanangoja kusikia maji gani wasinywe. Redio ikinyamaza mara ya pili leo, kuanzia kesho utakaa mapokezi, na mitambo nitampa mtu mwingine."

Mama alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. Mitambo ile aliijua tangu Chiriku hajazaliwa. Alikuwa akiisikiliza usiku akiwa kitandani, na ikikwaruza, yeye huamka. Alimgeukia binti yake. "Mwanangu, kuna mtu aliyegusa hapa nilipokuwa juu?"

"Hapana, mama."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kabla hajalipima. Mara tu lilipotoka, Chiriku akaanza kufikiri. Mama amebonyeza mbili. Picha iliyokuja ni ya mbili. Iliyokufa ni moja. Macho yalikuwa kwenye kompyuta hii, mikono kwenye ile. Akakumbuka sufuria. Akakumbuka zile nyaya nyembamba zilizokosa namba.

Mjomba mtangazaji alichungulia mlangoni, akajaribu kuleta utani. "Leo Chiriku kameza ufunguo wa mdomo wake? Redio inanyamaza, na yeye ananyamaza!" Hakuna aliyecheka. "Dada, karatasi yangu je? Mitaa yenyewe ni mingi, siwezi kuitaja kwa kukumbuka. Nikikosea mmoja, watu watakunywa maji machafu."

"Fungua kabati tuizime ya habari kwa mkono," mama alimwambia meneja.

"Ni ipi kati ya hizo? Zote zinafanana, hata niliyoiwasha sasa hivi siwezi kuitofautisha tena. Sibahatishi leo. Izime hapo hapo kwenye kibodi, mbele yangu, taratibu."

Mama akaketi. Mkono wake, uliozoea kuruka juu ya vitufe bila kuvitazama, sasa ulipapasa kitufe kimoja kimoja. Alibonyeza namba mbili. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa skrini, kisha akainua uso.

"Chiriku, njoo hapa mwanangu. Nisaidie kwa macho yako. Nimebonyeza namba ngapi?"

"Mbili, mama."

"Na picha ni ya nini?"

"Ya habari."

"Huoni kingine?"

"Sioni."

"Haya. Leo nakuamini wewe kuliko ninavyojiamini mimi." Na kidole kikaanza safari ya kwenda kwenye kona ya juu ya kibodi.

Chiriku alikitazama kidole kile. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Watu wangesema macho ya fundi yamechoka, mama mwenyewe angeamini, na kesho angekaa mapokezi akiwaelekeza wageni chooni. Chiriku angeendelea kuja kila siku na kitabu chake cha hisabati. Kidole kikagusa kitufe.

"Mama, usibonyeze!"

Sauti ilikuwa kubwa mno kwa chumba kidogo. Mama alirudisha mkono kama aliyeungua.

"Usibonyeze, utazima ya matangazo tena! Macho yako hayana kosa. Ni mimi. Nilimwaga juisi juu ya kisanduku, nikachomoa nyaya zote nikapangusa. Nene nilizirudisha sawa, nyembamba nilibahatisha. Nimechanganya mikono, mama. Ya moja nimeiweka kwenye mbili." Alifungua begi, akatoa sweta lenye doa, akaliweka mezani. Kisha akalia, kilio cha kwikwi, mbele ya meneja na mjomba na kila mtu.

Mama alikigeuza kisanduku, akapitisha kidole nyuma yake, kikanata. Akachomoa waya mwembamba wa kwanza na wa pili, akabadilisha nafasi zake. Akabonyeza mbili. Akasogeza kipanya. Mshale ukakimbia kwenye skrini kama kuku aliyefunguliwa bandani.

"Macho na mikono," alisema polepole.

Karatasi ilichapwa, na ilikuwa bado na joto mjomba alipoinyakua na kukimbilia studio. Saa kumi ilipogonga, sauti yake nzito ilijaa chumbani, ikitaja mtaa mmoja baada ya mwingine na kuwaomba watu wachemshe maji au wayaache kabisa. Waliisikiliza wote wamesimama, mpaka mwisho.

Meneja ndiye aliyeanza. "Mama Chiriku, nimekukosea. Mitambo hii ni yako, na sitalirudia lile neno." Akamgeukia mtoto. "Wewe nilikupa masharti mawili, umeyavunja yote kwa chupa moja. Mpaka nitakaposema vingine, utamsubiri mama yako kule mapokezi."

"Ndiyo, bosi," Chiriku alijibu. Hakubembeleza. Alikuwa amekwisha jua kwamba kitu alichokuwa anakiogopa kilikuwa kidogo kuliko kile alichokuwa karibu kukifanya.

Walipobaki wawili, mama alimvutia kiti karibu. Chiriku alitarajia kugombezwa, na angefurahi kugombezwa. Lakini mama aliongea kwa sauti ya chini.

"Juisi isingenikasirisha sana. Juisi inapanguswa. Ungekuja ukaniambia, 'Mama, nimemwaga,' ningefoka kidogo, tungerudisha nyaya pamoja, na redio isingenyamaza hata kidogo. Lakini nilikuuliza, ukasema hapana. Unajua baada ya hapo nilitafuta kosa wapi? Nililitafuta ndani yangu. Nilijiambia, macho yangu yamekwisha, akili yangu imechoka, mikono hii haifai tena. Ukimficha mtu ukweli, Chiriku, humfichi kosa lako tu. Unamwacha alibebe yeye, bila hata kujua amebeba nini."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe pale ulipopiga ukelele. Hukungoja ukamatwe. Ila ulichelewa, na kuchelewa kwako kulikuwa karibu kuwanywesha watu maji machafu. Lazima ulikumbuke hilo. Kosa likitokea, liseme likiwa bado bichi."

Akafungua droo, akatoa karatasi za kubandika, gundi na kalamu ya wino usiofutika. Chiriku aliandika namba kwenye kila waya, mnene na mwembamba, akazibandika na kuzibana mpaka zikashika. Kisha mama akamwachia kiti chake.

"Sasa jaribu. Si picha tu."

Chiriku alibonyeza moja, akatazama, akasogeza kipanya taratibu bila kubofya kitu. Akafanya hivyo kwa mbili, na kwa tatu.

"Macho?" mama aliuliza.

"Yako sawa."

"Mikono?"

"Iko sawa."

"Na mdomo?"

Chiriku alifuta pua kwa kiganja. "Na wenyewe uko sawa, mama. Safari nyingine hautachelewa."

Akachukua begi lake na lile sweta lenye doa, akashuka ngazi kwenda mapokezi. Nyuma yake, kupitia mlango ulioachwa wazi, alimsikia mama akirudi kazini, vidole vikiruka juu ya vitufe bila kuvitazama.