Nakala ya Kumi na Moja

Jua lilikuwa linazama Patasi alipotundika picha ya mwisho kwenye korido ya wodi ya kumi ya hospitali. Patasi lilikuwa jina la mtaani. Alilipata kwa sababu ya kile chuma alichokishika tangu ujana: alichonga picha kwenye ubao, akapaka wino, akachapa kwenye karatasi.

Kazi hii iliagizwa na hospitali yenyewe. Nakala kumi za sura ya mkewe, aliyekuwa mkunga wao kwa miaka ishirini na miwili, moja kwa kila wodi. Ubao Patasi aliuchonga mkewe akiwa hai. Nakala alizichapa mkewe akiwa na miezi minne kaburini.

Muuguzi wa zamu alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha fremu.

"Rudi nyuma hatua tatu," Patasi alimwambia. "Ukibanana nayo hivyo utaona wino tu. Mtu huonekana kwa mbali."

Muuguzi akarudi.

"Lakini baba, lile doa lake jeusi... halikuwa shavu la kushoto?"

"Lilikuwa. Hapo liko kulia. Kosa ni langu."

Chapa hugeuza. Ukichonga ubao kama unavyouona uso, karatasi itakupa kulia kushoto. Mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua hilo. Lakini siku ile Patasi alimtazama mkewe kuliko alivyoutazama ubao, akasahau. Mkewe alipoiona chapa ya majaribio alicheka hadi akakaa sakafuni. "Mume wangu! Umenioa mimi, ukamchonga jirani!" Kisha, akijifuta machozi: "Haya, mtunze. Siku nikikukimbia utakuwa na wa akiba."

Simu ililia akiwa njiani kurudi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, ule ubao umeukata?"

"Bado."

Nakala zikitimia, mchongaji huukata ubao mstari mmoja, pembe hadi pembe, ili isitoke nyingine tena. Ndiyo ahadi ya kazi. Zilitimia siku tisa zilizopita, na kila jioni alishika patasi, akairudisha mezani.

"Kumi ni kumi, shemeji. Au unalala nao kitandani?"

"Nauweka chini ya mto tu."

"Angalia usije ukazaa watoto wa mbao."

Alicheka. Alikuwa bado anatabasamu alipofungua mlango wa karakana.

Harufu ikampiga usoni.

Wino mbichi.

Siku tisa hakuwa amefungua kopo. Akawasha taa. Kwenye kamba ya kukaushia ilining'inia karatasi moja, na sura ya mkewe iling'aa kwa majimaji. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe: 11/10. Ya kumi na moja kati ya kumi.

Krrr... krrr...

Rola ilikuwa ikivutwa juu ya wino, polepole, nyuma ya mashine ya kuchapia.

"Nani?"

Krrr...

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha zamani, ndani ya sare ya ukunga. Mikono ilikuwa myeusi hadi vifundoni.

"Chapa tena," alinong'ona. "Kila karatasi ni pumzi moja... Hizo kumi zinakwisha."

Patasi hakukimbia. Alitamani kuchapa. Kabla hajajua, kidole chake kilikuwa kwenye kifuniko cha kopo, na akilini alikuwa akihesabu karatasi za kabatini. Mia mbili na kitu. Angechapa hadi mikono imkatike. Angeuza nyumba anunue karatasi.

"Chapa, mume wangu..."

Kisha akafanya lile alilowaambia watu maisha yake yote. Akarudi nyuma. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Akatazama.

Doa lilikuwa shavu la kulia.

"Wewe si yeye," alisema. "Wewe ni kosa langu."

Yule wa kigodani akainua uso, taratibu. "Mimi ni wa akiba. Alisema mwenyewe."

"Alitania. Sikuoa wa akiba mimi."

Akauvuta ubao mezani, akasimika patasi kwenye pembe, akasukuma. Mti ukalia. Nyuma yake kitu kikaanza kuhema, haraka haraka, kama mtu anayepanda ngazi. Ubaridi ukamgusa shingoni. Akasukuma. Mstari ukafika kwenye paji la uso, ukafika kwenye jicho... Ndipo alipoinua macho, akaona dirisha.

Nje giza lilikwisha kuingia, na kioo kilikuwa kimegeuka kuwa cheusi. Ndani yake alionekana mwanamke wa kigodani. Doa lilikuwa shavu la kushoto.

Kushoto. Mahali pake.

Kioo nacho hugeuza, Patasi alijiambia. Hugeuza tu.

Lakini yule wa kwenye kioo alikuwa akicheka. Alicheka kama siku ile, hadi akateremka sakafuni akijifuta machozi.

Mkono wa Patasi ukasimama.

"Hata kama ni wewe," alisema. "Nilikushika mkono hadi ukapoa. Nilikuaga mara moja. Sitakuaga karatasi kwa karatasi."

Akasukuma hadi pembe ya mwisho.

Kicheko kikakatika katikati.

Kigoda kilikuwa kitupu. Rola ilikuwa kavu, ina vumbi.

Baada ya wiki shemeji yake alikuja. Akauona ubao uliokatwa, akaupapasa ule mstari. Kisha akaiona ile karatasi ya kumi na moja, aliyoipigilia Patasi mlangoni, mahali ambapo yeyote anayeingia lazima akutane nayo. Ilikuwa nyeupe yote. Sura ilikwisha kutoka. Lilibaki lile doa tu, nukta moja nyeusi, ndogo kama punje ya mtama, na wino wake ulikuwa umepenya hadi upande wa pili. Ukiitazama hivi, iko kulia. Ukiigeuza, iko kushoto.

"Hii nayo ni kazi?" shemeji aliuliza. "Au ndiyo sanaa ya wasomi?"

Akaigusa. Akaondoa mkono upesi, akakitazama kidole chake.

"Shemeji... bado mbichi."

Patasi akampa kitambaa.

"Na iwe mbichi," alisema. "Ubao umekatwa."