Koti la Mama Mdogo na Kimya cha Bibi

Nyumbani kwa bibi jua huchomoza kwa idhini ya mama mdogo. Kabla kuku hawajatoka bandani, yeye huwa ameshasimama uani mbele ya vyuma vyake: bomba refu lenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji, moja kila upande. Hulishika, huvuta pumzi, halafu hulipandisha juu ya kichwa kama mtu anayeanika shuka. Kazi yangu, kila nilipokuwa likizoni kutoka shule ya bweni, ilikuwa kuhesabu. Nilihesabu kwa uaminifu mkubwa, isipokuwa pale nilipofika tisa nikarudi sita.

"Upupu! Tisa ilishapita!"

"Samahani, mama mdogo. Hesabu si somo langu."

Upupu ni jina nililopewa na wasichana wenzangu bwenini. Chanzo chake ni mmea wa jina hilo na shuka za kiranja mkuu. Sitaeleza zaidi. Kesi ilikwisha na adhabu niliitumikia.

Bibi hututazama akiwa mlango wa jikoni, mwiko mkononi. "Mabega kama mlango wa ghala," husema. "Utaolewa na nani, mwanangu? Na winchi?"

Mama mdogo hucheka tu. Nami nilicheka, maana bibi alikuwa wakili wangu. Nikivunja kikombe, bibi alisema ni paka. Nyumba ile haina paka.

Likizo hiyo mama mdogo alikuwa amepata kazi katika ofisi ya bima. Alikuwa kwenye majaribio, na mkuu wake alimwambia kwamba siku ya kuzungumza mbele ya wakubwa ni lazima avae koti. Basi Jumamosi nzima tukazunguka madukani.

Koti lililomtosha mabegani lilimning'inia kiunoni kama hema lililokosa nguzo. Lililomkaa kiunoni halikuvuka mabega. Blauzi ziligoma katikati ya kiwiko na bega, na hapo hapakuwa na majadiliano. Sketi zilikwama mapajani, na moja iliyolazimishwa ikapita iliacha nafasi kiunoni ya kuficha mkate mzima. Katika duka la mwisho alinasa ndani ya koti, mikono juu, kama mtu anayejisalimisha. Ikabidi mimi na muuzaji tuvute, kila mmoja na mkono wake.

"Dada, jaribu upande wa wanaume," muuzaji alisema akihema.

Upande wa wanaume koti lilipita mabegani vizuri, lakini mikono yake ilimfunika hadi vidole. Mama mdogo akajitazama kwenye kioo. "Naonekana kama nimeiba."

"Hapana," nikamfariji. "Unaonekana umeiba na unakimbizwa."

Ndipo tukaenda kwa Fundi. Fundi ni rafiki wa mama mdogo tangu shuleni. Walilala kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu, mwingine chini, na hadi utu uzima wao waliapa kwa kitanda hicho. Akamzungushia mama mdogo tepu mgongoni, mabegani, kisha kwenye mkono.

"Kunja mkono. Mungu wangu! Hili paja ni la nani?"

"Langu, na linajua kupiga makofi."

Walicheka mpaka tepu ikaanguka. "Mwenzangu," Fundi akasema, "litakukaa kama ngozi. Naapa kwa kitanda chetu."

Koti lilipokuwa tayari, lilikuwa la buluu iliyoiva, na vifungo vyake vilikuwa vyeusi. Mama mdogo alipolivaa, mikono ikiwa chini, hata kioo cha Fundi chenye ufa kilionekana kipya.

"Linanibana kidogo hapa nyuma," alisema.

"Koti jipya hubana. Litalegea." Fundi alikuwa ameinama, anatafuta pini sakafuni. Aliitafuta kwa muda mrefu. Pini yenyewe sikuiona.

Siku ya kuzungumza ofisini ilipofika, mama mdogo alirudi nyumbani mapema, amejifunika mtandio mabegani. Akalitupa koti mezani. Mshono wa mgongo ulikuwa umeachia kutoka shingoni hadi kiunoni, na bitana ilikuwa imechomoza kama ulimi.

"Nilinyoosha mkono kuonyesha kitu juu ya ubao," alisema. "Likalia kraa! Mzee mmoja akasema, 'Kumbe tumeajiri mbeba mizigo.' Wakacheka wote. Nikamaliza kusema nikiwa nimebandika mgongo ukutani kama mjusi."

Hakuna aliyecheka kwetu. Hata mimi sikucheka, na ieleweke kwamba kwangu hilo ni jambo zito. Kisha akanigeukia.

"Jana nani alilipiga pasi?"

"Mimi."

"Na ule wembe uliokuwa mkononi mwako?"

"Nilikuwa nachonga penseli."

"Nani alishona mikono ya koti la matroni, mpaka mwenyewe akashindwa kulivaa?"

"Mimi, lakini mama mdogo, lile lilikuwa koti la matroni!"

Nikamgeukia wakili wangu. "Bibi, mwambie! Ulikaa hapa hapa wakati napiga pasi. Uliona."

Bibi alikuwa anachambua mchele. Akaokota jiwe. Akalitazama jiwe lile kana kwamba lina habari za mbali. "Mtoto ni mtoto," akasema. "Msamehe tu."

Msamehe! Wakili anayekuombea msamaha wa kosa ambalo hukulitenda ameshakufungia mlango wa jela, na ufunguo ameutia mfukoni.

"Nilidhani utani wako una mpaka, Upupu," mama mdogo alisema taratibu. "Nilidhani mimi niko ndani ya mpaka huo." Kisha akaongeza kwamba Jumatatu ijayo wageni watakuja ofisini kusikia ile ile mipango yake ya kulipa wateja upesi, na kwamba atamwachia mwenzake aizungumze. "Mimi sisimami tena mbele ya watu."

Kesho yake jua lilichomoza bila idhini ya mtu. Vyuma vilisukumwa nyuma ya banda la kuku. Mama mdogo alijifunika mtandio wakati wa joto kali, na mezani alikula nusu sahani. "Napunguza mabega," alisema. Kwangu hakusema chochote. Nilizoea kugombezwa, kugombezwa ni mazungumzo. Kunyamaziwa sikukuzoea.

Nikalichukua koti nikaenda kwa Fundi.

"Fundi, lishone kabla ya Jumatatu, tafadhali. Nitakufagilia kibanda likizo nzima. Nyumbani wameshaamua kwamba nililichana mimi."

"Nani kasema ni wewe?"

"Mama mdogo. Na bibi hakunitetea."

Cherehani ikasimama. "Bibi yako alikuwepo, akasikia unasingiziwa, akanyamaza?"

"Aliokota mawe kwenye mchele."

Fundi akafunika uso kwa viganja. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu anayetema mfupa. "Alikuja hapa mwenyewe, nilipokuwa nimeshachora kitambaa. Akaniambia, 'Mwanangu, lipunguze mgongoni na mikononi. Akiona halimtoshi, ataacha vile vyuma.' Nikakata ndani ya mstari wa chaki. Yule ni kama mama yangu, Upupu. Amenilisha tangu utoto. Nilidhani litambana tu, atalirudisha, tutacheka."

"Na kitanda chenu?" nikamwuliza.

Akalikunja koti, akanirudishia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku zote nilidhani wanazungumzia chawa.

Nilimkuta bibi jikoni. Kabla sijafungua mdomo alishaniona na koti begani, akajua nilikotoka.

"Ningefanya nini?" akasema. "Watu wananiuliza kila siku, mwanao ni mwanamke au mlinzi wa benki? Nilitaka apumzike na maneno yao. Sikutaka lipasuke mbele za watu."

"Lakini bibi, ulijua si mimi."

"Akijua ni mimi hatanisamehe. Mimi ni mama yake. Wewe umeshazoea lawama, mjukuu wangu. Moja zaidi itakuongezea nini?"

Kichwani mwangu huwa na ghala la majibu ya kijeuri, yamepangwa tayari kwa walimu. Nikalifungua ghala nikakuta limefagiliwa.

"Haitaniongezea kitu," nikasema. "Itanipunguzia wewe."

Nikatoka. Mtu mwenye sifa zangu angeitangaza siri hiyo kwa tarumbeta. Sikuitangaza. Msinisifu, haikuwa wema. Nilitaka kuona kama bibi ataisema mwenyewe, na kila alipokaa bila kuisema nilizidi kuumia, kama mtu anayebonyeza jipu ili ajue kama bado linauma.

Jioni moja tulikuwa tunakula. Mama mdogo akasukuma sahani kando, chakula kikiwa nusu.

"Pipa la maji linataka kusogezwa karibu na bomba," bibi akamwambia.

"Tumwite jirani," mama mdogo akajibu, akiuvuta mtandio.

Bibi akanyanyua uso. Pipa lile mama mdogo hulikumbatia na kulihamisha huku akiimba.

"Tumwite jirani?" bibi akarudia. "Nilipovunjika mguu, nani alinibeba mgongoni mpaka barabarani?"

"Mimi, mama."

"Ulimwita jirani?"

"Hapana."

Bibi akaweka kijiko chini. "Basi mwache huyu mtoto. Koti nililichana mimi." Akaeleza yote: safari ya kwa Fundi, mstari wa chaki, na mchele uliokuwa hauna mawe mengi kiasi kile.

Mama mdogo hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. "Wale wa ofisini walinicheka kwa midomo," alisema. "Wewe, mama, ulinicheka kwa mkasi. Na ukamtumia rafiki yangu kuushika."

Akatoka uani. Tulibaki mimi na bibi na taa, hakuna aliyemtazama mwenzake. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, na alikuja kwangu kwanza.

"Ulijua?"

"Tangu nilipokwenda kwa Fundi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa namsubiri mwenyewe."

Akanishika kichwa kwa ule mkono mkubwa. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kwa kesi ya matroni."

"Kesi ya matroni nayo ingepitiwa upya," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu koti lipasuke nikaona meno yake.

Fundi alikuja asubuhi bila kuitwa, macho chini, kitambaa kwapani. Alilifumua koti lote juu ya meza yetu. Akaongeza kipande mgongoni chenye makunjo mawili yanayofunguka mkono unaponyooka, akatia kipande kingine chini ya kila kwapa, akakata mikono mipya, na kiunoni akapunguza. Safari hii hakumpima akiwa amesimama kama nguzo.

"Nyoosha mkono juu. Inama. Haya, kumbatia mtu."

Mama mdogo akamtazama Fundi, akamtazama bibi. Kisha akanikumbatia mimi, mbavu zangu ni mashahidi. Koti halikulia. Fundi akakusanya nyuzi zake. Alijua kumbatio lile lilikuwa na nafasi ya mtu mwingine, na kwamba bado halijawa lake.

Jumatatu mama mdogo alisimama mwenyewe mbele ya wageni. Alinyoosha mkono hadi ukingo wa juu wa ubao, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hilo alikiri. Hakuna aliyelitazama koti. Walitazama ubao, wakauliza maswali, na mkuu wake akamwambia mipango hiyo aisimamie yeye mwenyewe.

Siku hiyo hiyo bibi aliniita jikoni, akanikalisha kwenye kigoda chake, yeye akasimama. Katika ukoo wetu hilo halijawahi kutokea.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Nilidhani napunguza koti, kumbe napunguza mtoto. Nguo ndiyo hukatwa ifuate mwili. Mwili haukatwi ufuate nguo, wala maneno ya watu. Hilo ni kosa langu la kwanza, na nililifanya kwa ujinga. La pili nililifanya kwa macho makavu: nilinyamaza wewe ukabeba mzigo wangu. Usije ukadhani mwongo ni yule anayesema tu. Anayejua ukweli akafunga mdomo wakati mwenzake anaumia, naye amedanganya. Nisamehe."

Nilimsamehe. Lakini kusamehe si kama kufuta ubao. Niliendelea kumchungulia usoni kila aliponisemea jambo.

Vyuma vilirudi uani. Bibi akaniomba nimwachie kazi ya kuhesabu. Husimama na mwiko wake, huhesabu kwa sauti, na akifika tisa, husema kumi.

Siku ya mwisho ya likizo nilivunja kikombe. Bibi akaja mbio, akatazama vipande, akanitazama mimi. Nikamwona anafungua mdomo, nikamsubiri paka.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, bibi."

"Vizuri," akasema, akanipa ufagio. "Maana nyumba hii haina paka."