Barua ya Maloni Kutoka Ayalandi

Siku ya mnada posta ya Tarime haiingiliki. Kornelio Maloni, fundi baiskeli aliyelelewa misheni Musoma, alisukumwa na kukanyagwa mpaka akafika dirishani shati limechomoka.

“Maloni?” Karani, Robi, gauni la njano limemkaa haswa, alisoma jina kwenye bahasha yake, akamtazama juu mpaka chini. “Sura ya Kikurya, jina la Kizungu! Umeliiba wapi?”

“Nipe stempu, dada. Sikuja kuhojiwa.”

“Kanunue adabu kwanza!”

Basi wakapendana kwa ugomvi huohuo. Mwaka mzima ule wa sabini na tano walizozana kila jioni hotelini kwa chai, kisha kila mmoja akaenda zake anacheka peke yake. Baba yake Robi, mzee Nikolaus wa Susuni, yeye hakucheka.

“Shikamoo, baba,” Kornelio alisema siku aliyokwenda kuposa.

“Marahaba. Ukoo gani?”

Kornelio akakwama. Babu yake aliokotwa utotoni na Maloni, Muayalandi mtafuta dhahabu, akajiandikisha kodi kwa jina la bwana wake, akafa hajataja kwao.

“Ng'ombe wa mtu asiye na ukoo siwapokei!” mzee akafoka. “Nitajuaje kama simwozi mwanangu kwa ndugu yake? Toka!”

Mapadri wakampa Kornelio anwani ya ndugu za Maloni, akawaandikia. Robi mwenyewe aligonga muhuri. “Wakijibu tu, mpenzi, nimeolewa.”

Miezi ikapita. Robi akaanza visingizio: leo kichwa, kesho kazi nyingi. Siku moja Kornelio akamvamia pale posta.

“Barua imefika, dereva wa posta kaniambia! Umepata mwingine, sema!”

“Niache, Kornelio.”

“Mwongo mkubwa wewe!”

Robi akavuta droo, akamtupia bahasha kifuani. Macho yake yalikuwa yamevimba. Mpwa wa Maloni alieleza kwa fahari kwamba jina lao tangu kale maana yake ni mtumishi wa Mtakatifu Yohana. Chini alinakili daftari la marehemu mjomba wake: yule mtoto aliokotwa Susuni, mwaka wa njaa, mwana wa Matiko Mokami.

“Nina ukoo!” Kornelio akapiga kelele. “Robi, nina ukoo!”

“Matiko Mokami ndiye babu yake baba yangu.”

Kornelio akaisoma barua upya.

“Wiki tatu nimelala nayo, kiberiti mkononi,” Robi akasema kwa hasira. “Ningeichoma, ungenioa.”

“Kwa nini hukuichoma?”

“Toka hapa! Nenda kamwambie baba. Nenda, kaka yangu.”