Fundi wa Gereji ya Uani

Jumatatu, saa tatu asubuhi

Meneja alichomeka kisu kwenye meza, kikasimama wima. Walikuwa watatu tu kwenye chumba cha nyuma cha duka la vipuri: yeye, Chuma na Mgane. Madirisha yamefungwa. Joto linawachemsha.

"Gari la dhahabu," alisema Meneja. "Linapita kila Alhamisi asubuhi. Walinzi wawili. Chuma analibana kwenye kona kwa lori. Mgane anashika usukani wa gari lao. Tunaingia kichochoroni, tunaingia gerejini, mlango chini. Polisi watafunga barabara wakitafuta gari linalokimbia. Letu litakuwa limelala."

"Gereji gani?" Chuma alidakia. "Ya yule fundi wa kwanza au ya yule wa pili?"

Mgane alicheka puani. Yule wa kwanza alipokea malipo ya kuanzia kazi, akazima simu. Wanaume watatu wenye bunduki wametapeliwa na mtu mwenye mwiko, na sasa waende kumshtaki wapi? Wa pili alipandisha ukuta uliopinda mpaka mlango ukakataa kushuka. Chuma alimvunja vidole vya mkono wa kulia, kimoja baada ya kingine. Ukuta ukabaki umepinda vilevile, wakaubomoa wenyewe.

"Nataka gereji isimame peke yake, kule uani, mbali na nyumba," alisema Meneja. "Wapangaji wa nyumba yangu wasisikie kitu. Nipeni fundi anayekuja siku aliyosema atakuja. Basi. Ni mengi hayo?"

Mgane alimjua mmoja. Alikuwa kaka wa marehemu mkewe, ndugu pekee aliyebaki kumpigia simu na kumuuliza kama amekula. Wengine walishamfuta. Mkewe alifia sakafuni hospitalini, dawa zimefungiwa stoo, mganga mkuu yuko semina na ufunguo mfukoni. Hakuna aliyeulizwa. Mwaka uliofuata mganga mkuu akapandishwa cheo. Dhahabu ile ilikuwa ya wakubwa wa namna hiyohiyo, kwa hiyo Mgane hakuona kama anaiba.

"Yupo shemeji yangu," alisema mwishowe. "Lakini hajui kitu, na hatajua kitu. Akimaliza kazi anaondoka mzima. Niapie."

Meneja aliweka mkono kifuani. "Naapa. Nimuue fundi anayetimiza ahadi? Nitampata wapi mwingine?"

Wiki tatu zilizofuata

Fundi alikuja siku aliyosema. Alikuja na kesho yake. Alivuta kamba, akachimba msingi, akapima kila kona mara mbili. Meneja alipomwambia apunguze saruji, kazi iende haraka, Fundi alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Bosi, kama unataka banda la kuku sema. Hilo nitakujengea leoleo."

Hata Chuma alicheka.

Jumanne ya mwisho Fundi alipiga lipu ukuta wa ndani. Jumatano alifunga mlango wa chuma, ukashuka kama pazia. Meneja akamlipa, akamshika mkono, akamwambia asihangaike kurudi.

"Shemeji, umekonda," Fundi alimwambia Mgane getini. "Njoo nyumbani Jumapili ule na watoto. Usije na visingizio vyako."

"Nitakuja."

Alhamisi, saa nne asubuhi

Lori la Chuma liligonga gari la dhahabu ubavuni, likalisukuma hadi kwenye nguzo ya umeme. Mlinzi wa kwanza alifungua mlango na kuinua bunduki. Meneja alimpiga risasi ya shingo. Wa pili alipiga kelele, mikono juu, anataja watoto wake. Meneja akampiga na yeye.

"Alikuwa amesalimu amri!" Mgane alifoka.

"Endesha!"

Mgane aliingia kwenye gari la dhahabu na wenzake, akashika usukani. Kiti kilikuwa kimelowa damu, ikampenya suruali. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kichochoro. Mlango wa gereji walikuwa wameuacha juu tangu alfajiri. Akaingia, akafunga breki. Chuma akaruka na kuushusha mlango.

Kimya.

Halafu wakasikia maji.

Fundi alikuwa amesimama kwenye pembe, kopo mkononi, ndoo miguuni, akirushia ukuta maji.

"Shemeji?" alisema. "Nimekuta wazi nikaingia. Lipu ya juzi hii. Bila maji itapasuka yote."

"Uliambiwa usirudi!" Sauti ya Mgane ilikatika. "Si ulishamaliza?"

"Nimemaliza wapi? Lipu hunyweshwa wiki nzima." Kisha akaona kioo cha mbele kilichotapakaa damu. Akaona suruali ya Mgane. Kopo likamponyoka.

"Chuma," alisema Meneja. "Mmalize."

"Uliapa!"

"Niliapa akiondoka. Ameondoka huyu?"

Chuma hakutaka kupoteza risasi. Aliokota koleo, akampiga Fundi begani. Mfupa ulilia. Fundi alianguka kwenye ndoo. Koleo liliinuka mara ya pili, na Mgane akafyatua bastola. Risasi ilimwingia Chuma chini ya sikio. Alianguka na koleo lake.

Meneja alimpiga Mgane risasi ya tumbo. Mgane alirudi nyuma akaingia garini, akawasha. Gari liliruka mbele. Meneja alifyatua mara mbili kwenye kioo, kisha akakosa pa kukimbilia. Gari lilimbana ukutani kiunoni, injini inanguruma, lipu mbichi inammwagikia kichwani, mpaka akakata roho. Ukuta haukutikisika.

Nje ving'ora vilikuwa vimeshafika. Milio ya bunduki imesikika mtaa mzima.

Fundi alimtoa Mgane garini kwa mkono mmoja, akambonyeza tumbo. Damu ikampanda hadi kiwikoni.

"Nenda, shemeji," Mgane alinong'ona. "Waambie wewe ni fundi tu. Toka mikono juu. Polepole."

"Utakufa hapa. Ngoja nikakuitie gari la wagonjwa."

Alipandisha mlango. Jua likaingia. Aliinua mkono mmoja mzima. Ule wa bega lililovunjika haukupanda.

"Mimi ni fundi! Mimi ni—"

Polisi walifyatua wote kwa pamoja. Hata aliyetoa amri hakusubiri aone mkono wa pili una nini.

Jumamosi, mchana

Mgane alizinduka wodini, amefungwa pingu kwenye kitanda. Redio ya nesi ilikuwa inasema. Mkuu wa polisi alikuwa anawapongeza vijana wake kwa kazi nzuri: majambazi wanne, watatu wameuawa, mmoja yuko mikononi mwa sheria.

"Watatu," Mgane alimwambia askari wa zamu. "Andika. Tulikuwa watatu."

"Nani?"

"Majambazi. Yule alikuwa shemeji yangu. Alikuja kumwagia ukuta maji."

Askari alicheka, akaongeza sauti ya redio.