Muhuri wa Kesho

Saa tisa na nusu alasiri, dirisha la masjala ya halmashauri likiwa bado limejaa watu, dereva wa gari la taka alipenya na boksi la fomu. Karani alikuwa amekwishageuza muhuri kuwa tarehe ya kesho, kama alivyozoea kabla ya kufunga.

"Dada, hizi ni fomu za chama, wafanyakazi mia nne wa halmashauri hii, wafagiaji na madereva. Zikipokelewa leo, mwajiri lazima akae nasi mezani tujadiliane. Kesho tumechelewa."

"Na wewe ukangoja dakika ya mwisho kama mwanafunzi mtoro?"

"Nilikuwa sijajua kuna mtu humu kavaa gauni la kijani."

Karani akacheka, akagonga muhuri. Dereva akaondoka bila hata kuitazama nakala yake.

Wiki tatu zikapita kwa simu, asubuhi na jioni. "Umekula, mpenzi?" "Nile bila wewe?" Kisha ikatoka barua ya mkurugenzi wa halmashauri: fomu zilichelewa siku moja, chama hakitambuliwi.

Simu ya siku hiyo haikuwa na "mpenzi".

"Walikutuma?"

"Nisikilize kwanza..."

"Wafagiaji waliniamini mimi, nami nikakuamini wewe. Usinipigie tena!"

Karani alilia chooni mpaka macho yakavimba. Kosa lilikuwa lake. Ila daftari la kupokelea barua lilikuwa na tarehe ya kweli, kwa mwandiko wake na sahihi ya dereva. Bosi wake alimsoma usoni.

"Mwanangu, mkataba wako unaisha mwezi ujao. Funika kombe mwanaharamu apite."

Aliogopa, maana mama yake hakuwa na tegemeo jingine. Hata hivyo, kesho yake aliingia kwenye kikao cha mkurugenzi kakumbatia daftari.

"Nilikosea mimi. Fomu zilifika kwa wakati."

Chama kikatambuliwa. Yeye akasimamishwa kazi kabla ya saa sita.

Dereva alimkuta getini akitoka na kikombe chake cha chai ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nisamehe, mpenzi wangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Nimekusamehe. Lakini mama nitamwambia nini?"

Dereva akatoa fomu ya kujiunga. "Weka sahihi. Jumatatu tunakaa na mwajiri mara ya kwanza. Kabla ya mishahara, ajenda ya kwanza ni wewe."

"Wakikataa?"

"Watakataa. Tutakaa tena."

Karani akaweka sahihi. Alipofika kwenye tarehe akasita, akainua macho.

"Leo tarehe ngapi?"