Kiti cha Katikati ya Bwawa

Namba ndogo ya kijani kwenye kioo cha boti ilionyesha kumi na tatu. Eunike aliitazama, akautazama mkono wa mafuta, kisha akairudia ile namba. Mkono ulikuwa umerudishwa nyuma mpaka mwisho. Injini ilikuwa imezimwa na boti yenyewe imevutwa mchangani. Namba, inayopima mkono umesukumwa kiasi gani, ilipaswa kuwa sifuri.

“Ndivyo inavyoamka kila siku,” alisema Filemon, dereva wa boti hiyo, akiwa amesimama nyuma yake. “Kumi na tatu. Tukifika katikati ya bwawa inapanda yenyewe.”

“Nani anaipandisha?”

“Hakuna mtu, dada. Ndiyo maana tumekuita.”

Eunike alikuwa fundi umeme wa magari pale Bomang'ombe, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwimbaji wa kwaya ya usharika wake, aliyezoea kuitwa na watu walioshindwa na mafundi wengine. Boti hakuwahi kugusa. Lakini mwaka ule wa 2006, magari mengi ya mtumba yaliyokuwa yakiingia nchini hayakuwa tena na waya wa chuma kati ya mguu wa dereva na injini. Yalipeleka mafuta kwa umeme, na yeye alikuwa ameyasomea. Mwenye boti alimweleza kwa simu, kwa kifupi: “Ni kama hizo gari zako, ila hii inaogelea.”

Mwenye boti alikuwa Mzee Leodegar, mkulima wa Kibosho. Kahawa ilipokosa bei aling'oa nusu ya mibuni aliyoachiwa na baba yake, akajaribu nyanya, akajaribu ng'ombe wa maziwa, mwishowe akashuka Dar es Salaam na kurudi na boti nyeupe iliyotumika ng'ambo, ikiwa nyuma ya lori. Aliishusha kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, chini huko kusini mwa Kahe, ivushe watu na samaki. Haikuwa na pangaboi. Ilifyonza maji tumboni na kuyatema nyuma kwa nguvu, ikapita juu ya magugu na nyavu bila kunasa. Mkono wa mafuta na usukani, vyote vilizungumza na injini kwa nyaya nyembamba za umeme. Padre aliibariki siku ya kwanza. Filemon, mtoto wa dada yake Leodegar, akakabidhiwa funguo.

Eunike alifungua soketi moja baada ya nyingine akitafuta kutu. Hakuna. Alipima waya wa ardhi, akatikisa kila kiungo huku akiangalia mita. Vyote vizima. Saa nne Filemon alikwenda kwa mama ntilie kunywa chai, na alipokuwa amefika mbali, kama hatua mia, namba ilishuka yenyewe ikawa sifuri.

Eunike aliweka mita chini. Alisubiri. Filemon alirudi akifuta mdomo, na alipokaribia boti namba ikapanda taratibu: nne, tisa, kumi na tatu.

“Filemon, una simu mfukoni? Redio? Kitu chochote cha umeme?”

“Sina. Simu nimeiacha kwa mjomba.”

Alimtuma aende tena, arudi tena. Namba ilimfuata kama mbwa.

Alimwita Mzee Leodegar pembeni. “Mbe,” alimwambia kwa heshima ya kwao mlimani, “ndani ya ule mkono kuna sensa mbili. Zote zinapima kitu kimoja, mkono umesukumwa kiasi gani, na kompyuta inazilinganisha. Waya ukikatika au maji yakiingia, moja itasema hivi, nyingine vile, na kompyuta itawasha taa na kupunguza kasi. Nimetafuta kumbukumbu ya hitilafu. Haina hata moja. Sensa zote mbili zinakubaliana.”

“Maana yake nini, mwanangu?”

“Maana yake hakuna kilichoharibika. Kwa boti hii, kuna mtu ameshika mkono.”

Leodegar aliangalia kiti cha dereva, kitupu, kikimetameta juani. “Twende majini,” alisema. “Utaona mwenyewe.”

Waliondoka watatu, karibu saa sita mchana. Filemon aliendesha, Leodegar alikaa nyuma, Eunike alichuchumaa karibu na mkono wa mafuta na mita mbili, kila moja imeng'ata sensa yake. Bwawa lilikuwa tulivu. Kwa mbali mlima ulikuwa umejifunika mawingu, na ndege weupe walikuwa wamesimama juu ya visiki vya miti iliyokufa tangu maji yalipoletwa pale. Mambo yote yalikwenda vizuri mpaka visiki vilipoisha.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa harufu ya gogo bichi linaloungua bila kuwaka, chungu, yenye kukaba koo, na hapakuwa na moto popote. Halafu Eunike akagundua kwamba ndege walikuwa wamenyamaza, wote, na kwamba Filemon alikuwa ameondoa mikono yake kwenye usukani na kuiweka juu ya magoti kama mtu aliyekaa kanisani.

“Shika usukani,” Eunike alinong'ona.

“Sishiki, dada. Nikishika ananiumiza.”

Mkono wa mafuta ukaanza kwenda mbele, polepole, bila haraka, kama unavyosukumwa na mtu anayejua anakokwenda, na mita zote mbili zikapanda pamoja, sawasawa, bila kupishana hata kidogo, namba kwenye kioo ikapita ishirini, ikapita arobaini, injini ikanguruma, usukani nao ukazunguka kushoto wenyewe ukagota, na boti ikaanza kulizunguka eneo moja la maji ambalo halikuwa na kitu chochote juu yake, ikizunguka na kuzunguka na kulibana zaidi kila mara, huku Leodegar nyuma akimtaja Bikira Maria kwa Kichagga na Eunike akiuvuta ule mkono kwa nguvu zake zote, akihisi chini ya kiganja chake kitu kinachomkatalia, kitu chenye vidole.

Filemon alisimama. Alitoa mguu mmoja nje ya boti, kwa utulivu wa mtu anayeshuka kwenye gari.

Eunike aliuacha mkono, akamdaka mkanda wa suruali, akamwangusha chini, na kwa mguu akapiga swichi kuu. Umeme ulikatika. Injini iliendelea kunguruma kwa muda mrefu kuliko inavyowezekana, ndipo ikafa.

Filemon alikuwa amelala chali sakafuni, macho wazi. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa nzito na ya uzee.

“Nipisheni nikae,” ilisema.

Walivutwa hadi ufukweni na mvuvi mmoja, Sirili, aliyewaona kwa mbali akaja na mtumbwi wake. Hakuuliza kilichotokea. Alifunga kamba, akapiga kasia, na walipofika mchangani ndipo alipomgeukia Leodegar.

“Kile kisiki, mzee. Nilikwambia.”

Ikabidi Leodegar aeleze. Katikati ya bwawa kulikuwa na kisiki kinene kuliko vyote. Wavuvi walikizunguka kwa mbali, na wakikipita walizima sigara na kukatiza mazungumzo. Kilikuwa kimekaa palepale boti ilipotaka kupita. Mwezi wa pili, maji yaliposhuka, alimwagiza Filemon akikate kwa msumeno wa injini. Magogo yake yaliishia kwenye majiko ya kukaushia samaki.

“Kilikuwa kisiki tu,” alisema Leodegar.

“Kilikuwa kiti cha mtu,” alijibu Sirili kwa sauti ya chini, akaenda zake kufunga mtumbwi.

Siku ya pili asubuhi aliteremka kwenye basi Bi Mwanaidi, mganga kutoka Kahe aliyeitwa na Sirili, mama mnene mwenye miwani na kikapu cha plastiki. Eunike, ambaye tangu utoto alifundishwa kuwaepuka watu wa namna hiyo, alitegemea vishindo na vitisho. Badala yake aliulizwa maswali kama yale yeye mwenyewe huwauliza wenye magari: ilianza lini, inazidi saa ngapi, akiwa mbali inakuwaje. Bi Mwanaidi aliitikia kwa kichwa aliposikia habari ya namba kumi na tatu.

“Umefanya vizuri kumtuma aende na kurudi,” alimwambia. “Wengine wangemchapa.”

Filemon alikaa mchangani, mgongo umenyooka, kwa sababu tangu jana hakuweza kuegemea kitu. Ubani ulifukizwa. Bi Mwanaidi alichuchumaa mbele yake, akasalimia kwa adabu, na sauti ile nzito ikaitikia.

“Umetoka wapi, mgeni?”

“Mimi si mgeni. Nilikaa pale kabla ya maji. Maji yakaja, nikakaa. Wamekata nilipokaa. Sasa nikae wapi?”

“Huyu ni mtoto wa watu. Mwache.”

“Mgongo wake una joto.” Filemon alitabasamu, tabasamu lisilo lake. “Ananifaa. Nitamzoea.”

Watu wachache waliokuwa wakichungulia walirudi nyuma. Bi Mwanaidi hakusogea. “Kingine hukitaki?”

Kisha kichwa cha Filemon kikageuka polepole kuelekea boti.

“Kile cheupe,” ilisema sauti. “Kinachonguruma. Kiwekwe pale pale. Kesho jua likiwa utosini. Wasipokileta, nakaa hapa nilipo.”

Filemon alianguka ubavu, akatapika maji yenye rangi ya majivu.

Mchana kutwa Leodegar alikaa akiitazama boti yake. Jioni alimfuata Eunike aliyekuwa akikusanya vifaa vyake.

“Mwanangu, huwezi kuutoa huo umeme wote? Tuweke waya wa chuma, wa kizamani, wa kuvuta?”

“Naweza. Siku mbili nimemaliza.” Eunike alifunga sanduku lake. “Lakini mbe, mimi niliushika ule mkono. Waya wa chuma atausukuma vilevile.”

“Nimeng'oa kahawa ya baba yangu kwa ajili ya hii boti.”

“Najua.”

“Hujui.” Aligeukia mlimani. “Hujui ilivyo, kung'oa mti uliopandwa na baba yako.”

Wakati huo Filemon aliita kutoka kwenye mkeka. Midomo ilikuwa imempauka. “Mjomba,” alisema, sauti yake mwenyewe sasa, ndogo kabisa, “mgongo unaniuma kama nimebeba mtu. Na anazidi kuwa mzito. Usimwambie mama.”

Leodegar alikaa chini kando yake. Alimshika mkono, akabaki hivyo mpaka giza lilipoingia, na alipoinuka alikuwa ameshaamua.

Siku ya tatu aliiendesha boti mwenyewe. Sirili na Eunike walimfuata kwa mtumbwi, Filemon akabaki ufukweni na Bi Mwanaidi. Safari hii namba ilibaki sifuri njia nzima, na boti ikatii kama ilivyokuwa mpya. Pale katikati waliishusha nanga kwa mnyororo. Eunike alipanda, akafungua betri, akaihamishia mtumbwini ili mtu mwingine asije akaiwasha kwa bahati mbaya. Leodegar alipitisha kiganja juu ya ubavu mweupe mara moja tu, akashuka.

Walikuwa hawajaenda mbali boti ilipolala upande mmoja, maji yakapanda karibu na ukingo, kama inavyolala mtu mzito anapokanyaga ndani, ikayumba, ikatulia, kisha kiti cha dereva kikalia kwa uzito wa mkao. Na injini ikawaka. Betri ilikuwa katikati ya miguu ya Eunike, nyaya zake zimening'inia, na injini ilikuwa ikinguruma kwa upole, ikipandishwa na kushushwa, ikipandishwa na kushushwa, kama mtu anayejifunza kitu kipya na kukipenda.

“Msitazame,” alinong'ona Sirili, akipiga kasia.

Ufukweni walimkuta Filemon ameegemea ukuta wa banda, anakula ndizi na nyama kwa mikono miwili. Alipomwona mjomba wake aliangua kilio kama mtoto.

Bi Mwanaidi alikuwa ameshabeba kikapu, anasubiri basi. Eunike alimfuata. Jambo moja lilikuwa linamsumbua, jambo la kifundi.

“Bibi, umeme hauhitaji. Hilo nimeliona. Lakini mafuta yalipungua, juzi tulipokuwa majini. Nilipima. Tangi likikauka, itakuwaje?”

Mganga alitua kikapu chini. Ilionekana hakuwa amelifikiria hilo.

“Basi lisikauke,” alisema.

Filemon alirudishwa Kibosho kwa mama yake, na hajateremka tena bwawani. Boti iko palepale. Wavuvi wanaizunguka kwa mbali na wakiipita wanazima sigara. Kila mwezi, Jumamosi ya kwanza, Mzee Leodegar hushuka kutoka mlimani na dumu la mafuta, akapelekwa na Sirili, ambaye hubaki mtumbwini amegeuza uso. Mzee hupiga hodi ubavuni mwa boti, hungoja kidogo, ndipo hupanda. Humimina taratibu asimwage. Akiwa amechelewa siku moja au mbili kwa sababu ya mvua, huomba radhi kwa sauti, na hufunga kifuniko macho yake yakiwa kwenye tangi tu, maana siku moja aliinua macho kukitazama kiti, na kilichokuwa kimekaa pale kikamuuliza, kwa adabu kabisa, kama Filemon hajambo.